Kuchagua kufuli la pikipiki: anza na mahali inapolala

Maswali ni yale yale. Ninunue kufuli gani? Kufuli la diski linakaa kwenye Boxer? Si nimefunga usukani, bado haitoshi? Mnyororo wa duka la vifaa vya ujenzi unafaa? Nayajibu hapa yote kwa mpangilio, kwa ajili ya mtu ambaye ndiyo kwanza amepata pikipiki, na kwa ajili ya tajiri aliyemkabidhi kijana pikipiki ya hesabu, yaani ya kuleta kiasi fulani cha pesa, na anataka kila asubuhi aikute palepale.

Kabla ya yote, lielewe jambo moja. Hakuna kufuli lisilokatika. Grainda ya betri inakata kila chuma utakachouziwa Kariakoo, na hata vya Ulaya. Kufuli zuri linamchelewesha mwizi, linamlazimisha abebe zana kubwa, na linamfanya apige kelele. Kwa hiyo unapochagua, jiulize: hapa ninapoegesha, mwizi ana dakika ngapi kabla mtu hajatoka, na akipiga kelele nani atamsikia? Pikipiki inayolala koridoni Temeke, nyumba ya wapangaji sita, na ile inayolala nje kwenye kiwanja kisicho na uzio Chanika hazihitaji kufuli moja.

Na kufuli halimsaidii dereva anayeporwa njiani usiku na abiria. Mwongozo huu unahusu pikipiki iliyoegeshwa tu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kamba ya mita mbili, futi ya kupimia, tupa ndogo ya chuma, na simu yenye kamera. Andaa pia kadi ya usajili wa pikipiki. Fedha igawe mapema: sehemu kubwa iende kwenye kufuli la usiku, sehemu ndogo kwenye la mchana, na ubakize ya kutengenezea kitu cha kufungia. Wengi humaliza pesa yote kwenye kufuli, kisha wanalifunga kwenye gurudumu tu, pikipiki ikiwa imesimama peke yake.

Hatua ya 1: Andika mahali pikipiki inapokaa

Andika hasa, usiwaze tu. Inalala wapi? Mchana inasimama wapi zaidi ya dakika tano? Kijiweni, nje ya ofisi, msikitini Ijumaa, hospitalini unapompeleka mgonjwa? Kila mahali weka alama mbili: kuna kitu kigumu cha kufungia au hakuna, kuna watu au hakuna. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia ununue nini. Ukikuta kwamba hatari kubwa ni saa nane za usiku nyumbani, na mchana pikipiki iko machoni pako kijiweni, jibu umeshalipata: mnyororo mzito unaobaki nyumbani, na kufuli jepesi la kutembea nalo.

Hatua ya 2: Tazama breki na rimu

Hapa ndipo fedha nyingi zinapotea. Kufuli la diski linapita kwenye tundu la diski ya breki. Boxer nyingi zinazobeba abiria hapa kwetu zina breki za dramu mbele na nyuma, na TVS nyingi za cc 125 ni vilevile. Hazina diski. Ukinunua kufuli la diski utarudi nalo dukani. Kwa hiyo chuchumaa mbele ya gurudumu la mbele. Ukiona sahani ya chuma inayong'aa yenye matundu, hiyo ndiyo diski. Ukiona duara nene lililofungwa katikati ya gurudumu, hiyo ni dramu.

Kama ni diski, pima upana wa matundu na unene wa sahani. Pini ya kufuli lazima ipite tunduni, na mdomo wa kufuli uimeze sahani. Matundu ya pikipiki ndogo mara nyingi hayapitishi pini ya milimita 10, hivyo utahitaji la milimita 5 au 6.

Kama ni dramu, kwa mchana chagua kufuli la U, yaani la chuma kilichokunjwa kama herufi U, linalopita kati ya spoki, au kati ya mikono ya rimu ya spoti, likashika gurudumu pamoja na mguu wa shokapu.

Hatua ya 3: Chagua kufuli la usiku

La usiku ni mnyororo. Kufuli la U ni gumu pia, lakini ni fupi; mara nyingi halifiki kwenye nguzo. Mnyororo unazunguka nguzo, nondo, au pikipiki ya pili. Unene ndio wa kutazama kwanza:

Chini ya milimita 10, mkasi wa kukatia nondo unaukata mikononi mwa mtu mmoja. Kati ya milimita 10 na 12, mwizi anahitaji mkasi mrefu na nguvu. Kuanzia 13, kama chuma kimekaushwa vizuri, yaani kimefanywa kigumu kwa moto, mkasi unaanza kushindwa. Ukifika 16 hakuna mkasi wa mkono utakaoukata. Inabidi grainda, na grainda inalia mtaa mzima usikie.

Uzito nao uupime. Mita moja na nusu ya mnyororo wa milimita 16 inakaribia kilo nane. Huo hautembei nao mgongoni; unabaki nyumbani, umefungwa kwenye nguzo yake. Watu wengi huuacha hukohuko barabarani wanapoona ni mzito, na baadaye wanarudia waya mwembamba. Panga tangu mwanzo kwamba wa usiku hausafiri.

Urefu upime kwa kamba. Pitisha kamba ndani ya gurudumu la nyuma, juu ya chuma cha chesisi kinachoshika gurudumu hilo, hadi kwenye nguzo na kurudi. Ongeza shubiri moja. Usiongeze zaidi: mnyororo mrefu unaolala chini unampa mwizi nafasi ya kuuweka sakafuni na kuugonga kwa nyundo, au kuukanyagia mkono mmoja wa mkasi na kuusukuma mwingine kwa uzito wa mwili wote.

Kisha tazama kufuli linalouunga mnyororo. Mnyororo wa milimita 14 wenye kufuli la upinde wa milimita 8 una nguvu za milimita 8. Mwizi hatagusa mnyororo kabisa. Tafuta kufuli ambalo mabega yake yanapanda na kuufunika upinde, ukabaki uwazi mdogo tu wa kupitisha pete za mnyororo.

Hatua ya 4: Lipime dukani kabla hujalipa

Hapa usiwe na haraka. Ukiwa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au kwa muuza spea yeyote, fanya hivi mbele yake. Muuzaji mwenye mali nzuri hatakasirika.

Kwanza, vuta juu soksi ya kitambaa au plastiki inayofunika mnyororo. Mirija minene huficha pete nyembamba, na mnyororo unaoonekana una unene wa kidole gumba unaweza kuwa na pete za milimita 6 ndani. Pima pete yenyewe.

Pili, toa tupa yako. Chagua pete moja ya pembeni na upitishe tupa mara moja, kwa kubonyeza. Kwenye chuma laini, tupa inashika. Unaisikia ikikwaruza, na unabaki mfereji mweupe wenye unga wa chuma. Kwenye chuma kilichokaushwa, tupa inateleza kama juu ya kioo, na kinachotoka ni rangi tu. Muulize muuzaji kwanza, umwonyeshe ni pete gani. Akikataa kabisa usiguse hata pete moja, nenda duka la pili.

Tatu, tazama viungo vya pete. Kila pete iwe imeungwa kwa weldi nzima. Pete zilizokunjwa tu mwisho ukagusana na mwisho zinafunguliwa kwa bomba na nguvu.

Nne, tazama tundu la ufunguo. Kwenye makufuli ya bei rahisi epuka ufunguo wa duara, ule wa mfano wa bomba. Mwaka 2004 nchini Marekani ilionekana hadharani kwamba makufuli ya U ya aina hiyo yalikuwa yanafunguka kwa mrija wa plastiki wa kalamu ya Bic, hadi kampuni ya Kryptonite ikawabadilishia wateja makufuli yao. Ufunguo wa bapa wenye mikato mingi pande zote, au ule wenye mikato ya pembe tofauti unaozungusha visahani, ni bora zaidi. Kufuli la namba za kuzungusha usinunue kwa pikipiki.

Tano, kama linadai kuwa la Ulaya, tafuta alama ya maabara. Sold Secure ya Uingereza hutoa madaraja ya Bronze, Silver, Gold na Diamond, na Bronze ndiyo ya chini. ART ya Uholanzi hutumia nyota 1 hadi 5. Kufuli lenye mabega huweza kuandikwa daraja la EN 12320, kiwango cha Ulaya cha makufuli, kuanzia 1 hadi 6. Lakini jua kwamba stika inachapishwa popote. Ikiwa alama ipo na tupa ikashika, iamini tupa.

Onyo: kufuli la waya, ule uliosokotwa na kuvikwa plastiki ya rangi, halilindi pikipiki. Nyuzi zake zinakatika moja moja, tena kimyakimya. Funga nalo helmeti.

Hatua ya 5: Chagua kufuli la mchana

Hapa hatutapoteza muda. Pikipiki yenye diski, chukua kufuli la diski, la kengele kama unaegesha mahali pasipo na kelele. Yenye dramu, chukua U fupi la unene wa milimita 13 au zaidi. U fupi ni bora kuliko refu kwa sababu nafasi ndogo ndani yake haimezi jeki wala mtaimbo. Uliza pia kama linafunga pande zote mbili za chuma cha chini. Linalofunga upande mmoja, mwizi akikata mahali pamoja anazungusha na kutoa. Linalofunga pande mbili lazima akate mara mbili.

Hatua ya 6: Tengeneza kitu cha kufungia

Pikipiki ya cc 125 au 150 ina kilo 110 hadi 130 hivi. Wanaume watatu wanainyanyua na kuipakia kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, na kufuli lako likiwa limefungwa vizuri kabisa. Ndiyo maana mahali pa kulala lazima pawe na kitu kisichonyanyuka.

Kama una nguzo ya zege au dirisha la nondo nene, tumia hilo. Kama huna, zungumza na mwenye nyumba na utengeneze hivi. Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 40, mahali ambapo ubavu wa pikipiki utalifunika. Chukua nondo ya milimita 16, ikunje iwe U, miguu yake ikunje tena kwenda nje kama miguu ya kuku. Kabla ya kukunja, vika nondo kipande cha bomba la chuma kinachozunguka bure. Mwizi akiweka msumeno, bomba linazunguka na msumeno haushiki. Simamisha U shimoni, acha pete sentimita sita juu ya sakafu, jaza zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu. Mwagia maji kila siku kwa siku saba, na usifunge pikipiki kabla ya hapo.

Nondo ya kawaida ni laini kuliko mnyororo wako, usijidanganye. Nguvu yake iko kwenye zege na kwenye ugumu wa kuifikia, kwa hiyo iwe chini, nyuma ya gurudumu.

Hatua ya 7: Funga kwa mpangilio huu kila usiku

1. Egesha ubavu ukiwa umegusa nguzo au pete ya sakafuni, mbele ikitazama ukuta. Kuitoa iwe kazi.
2. Funga usukani ukiwa umekunjwa. Hii inavunjwa kwa nguvu ya miguu, ila ni bure na inachukua sekunde moja.
3. Geuza koki ya mafuta iwe imefungwa. Mafuta yaliyobaki kwenye kabureta yatamfikisha mbali kidogo tu, kisha injini inazima akiwa barabarani.
4. Pitisha mnyororo ndani ya gurudumu la nyuma na kwenye chuma cha chesisi, kisha kwenye nguzo. Gurudumu la mbele ni la mwisho kabisa kulitegemea, kwa sababu linatoka kwa nati moja, na pikipiki inaondoka bila hilo.
5. Kaza mnyororo usiguse sakafu. Tundu la ufunguo litazame chini, vumbi na mvua zisiingie na mwizi asipate nafasi ya kulichokonoa.
6. Vuta kwa nguvu. Usiamini mlio wa kufuli kufunga, vuta.

Hatua ya 8: Swichi ya siri na GPS

Swichi ya funguo ya pikipiki hizi si ulinzi. Ikichakaa, ufunguo wa mwenzako wa kijiweni unaiwasha, na nyaya zake zinapitwa na mtu anayejua. Mwambie fundi umeme unayemwamini akuwekee swichi ndogo iliyofichwa inayokata umeme wa plagi. Asiweke chini ya kiti, kila mwizi anaanza hapo. Na mafundi wengine wa gereji ileile wasijue ilipo.

GPS haizuii wizi; inakusaidia kuifuata. Inahitaji laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, bando lisiloisha, na betri yake ya ndani ili waya ukikatwa iendelee kutuma mahali ilipo. Kama pikipiki ni ya mkopo, mara nyingi kampuni imeshaweka ya kwake. Uliza kabla hujanunua ya pili.

Hatua ya 9: Funguo na karatasi

Hesabu nani ana ufunguo. Tajiri, dereva, deiwaka (dereva wa kushikia) wa Jumapili, fundi aliyebaki nayo usiku mmoja, kijana wa kuosha. Pikipiki nyingi zinaondoka kwa ufunguo, bila kuvunja chochote. Ukinunua iliyotumika, badilisha swichi na makufuli yote wiki ileile. Kwenye makufuli mapya, namba ndogo iliyochongwa kwenye ufunguo inatosha kuchongesha mwingine. Iandike nyumbani, kisha uikwangue kwenye ufunguo unaotembea nao.

Piga picha namba ya chesisi na namba ya injini kama zilivyochongwa kwenye chuma, piga picha kadi na namba ya usajili inayoanza na MC, na uziweke pia kwenye simu ya mtu mwingine wa nyumbani. Ikiibiwa, utaandikiwa RB (namba ya taarifa ya tukio) polisi haraka zaidi. Bima ndogo hailipi wizi; bima kubwa ndiyo inayolipa, na watakuuliza ulifunga vipi na funguo zote ziko wapi.

Makosa ninayoyaona sana

Kusahau kufuli la diski na kuondoka. Gurudumu linakwama ghafla, pikipiki inaanguka, diski inapinda. Funga kamba nyekundu kutoka kwenye kufuli hadi kwenye mshiko wa eksileta, kila mara, hata kwa dakika mbili.

Kufunga kwenye nguzo fupi ya alama ya barabarani. Wanainyanyua pikipiki na mnyororo juu, vinatoka.

Kufunga pikipiki mbili pamoja na kuamini zimetosha. Zinasaidia, lakini wakija na gari kubwa zinapakiwa zote mbili.

Kuacha ufunguo wa mnyororo umeninginia pamoja na wa swichi. Ukiuacha wa swichi mlangoni, umewapa vyote.

Yakitokea matatizo

*Ufunguo hauzunguki.* Usilazimishe, utakatikia ndani. Pwani hii chumvi inaingia kwenye kila kitu. Nyunyizia dizeli kidogo au mafuta ya kuondolea kutu, acha nusu saa, ingiza na kutoa ufunguo mara kadhaa. Likishafunguka, lifute, kisha tia oili ya cherehani matone mawili. Oili chafu ya injini usitie kamwe. Inashika vumbi na mwezi ujao litagoma zaidi.

*Ufunguo unaingia lakini unateleza bila kushika.* Ufunguo umelika. Tumia ule wa akiba ambao haujatembea, na uchongeshe mpya kutokana na huo, usichongeshe kutoka kwenye uliolika.

*Kengele inalia ovyo usiku.* Mara nyingi betri zake ndogo za duara zimekaribia kuisha, au pikipiki inatikiswa na upepo kwa sababu imeegeshwa kwa stendi ya pembeni. Badilisha betri zote pamoja, tumia stendi ya katikati. Baadhi ya makufuli ya diski hufungwa bila kengele ukigeuza pini upande mwingine. Jaribu kabla ya kulitupa.

*Mnyororo haufiki nguzoni.* Sogeza pikipiki, usiunge kipande cha mnyororo mwembamba. Hicho kipande ndicho watakachokata.

*Swichi ya siri inazima injini ukiwa njiani.* Waya umelegea kwa mtikisiko. Usiendelee kuendesha hivyo kwenye barabara ya magari. Simama, iunganishe kwa muda, na fundi auchomee waya vizuri badala ya kuusokota.

*Funguo zote zimepotea na pikipiki imefungwa.* Usiite kijana wa grainda mtaani usiku. Beba kadi ya pikipiki na kitambulisho, mjulishe mjumbe au mwenye nyumba, kisha mlete fundi wa makufuli mchana mbele ya majirani. Akishakata, iegeshe pikipiki mahali pengine usiku huo, ndani, hadi upate kufuli jipya, kwa sababu aliyezipata funguo anaweza kuwa anajua unapolala.